Umeacha Ugali, Usingizi Nao Umekuacha: Jinsi ya Kutafuta Sababu

Mtu anaacha ugali, wali, chapati na sukari siku ya Jumatatu. Ikifika Jumatano kichwa kinamgonga, miguu mizito, ngazi alizozoea kupanda zinamkata pumzi, na usiku anajigeuza kitandani mpaka anasikia adhana ya alfajiri. Akiuliza, anaambiwa avumilie, mwili unazoea. Ushauri huo ni kweli nusu tu. Baadhi ya dalili hupita zenyewe. Nyingi zina sababu inayojulikana na dawa yake iko jikoni. Chache ni nzito, za kukimbilia hospitali, na anayezivumilia anajiumiza.

Maelezo haya yamelenga mtu mzima mwenye afya njema aliyeanza lishe ya wanga kidogo, iwe keto, yaani chini ya gramu 50 za wanga kwa siku, au ile ya wastani ya gramu 50 hadi 130. Ili upate picha: gramu 100 za unga wa mahindi zina wanga wa gramu 75 hivi, na sahani moja ya ugali mara nyingi hula unga wa kiasi hicho au zaidi. Kwa hiyo anayeacha ugali wa mchana na usiku ameuondolea mwili nishati yake ya kawaida ya kuendeshea kazi ndani ya siku moja. Kama unatumia dawa za kisukari au presha, una mimba, unanyonyesha, au una ugonjwa wa figo, moyo au selimundu (sikoseli), soma kwanza sehemu ya dawa hapo chini kabla ya kugusa chochote.

Kabla ya yote, andika saa

Chukua daftari na kwa siku tatu andika mambo haya: saa ya mlo wa mwisho na ulichokula, saa ya kikombe cha mwisho cha kahawa au chai ya rangi, saa uliyopanda kitandani, saa uliyozinduka na kilichokuzindua (mkojo, njaa, jasho, moyo kwenda mbio, mguu kukaza), na saa ya mchana ambayo nguvu zilikatika. Saa inaeleza mengi kuliko dalili yenyewe. Anayekosa usingizi saa 4 usiku na anayezinduka saa 9 usiku wana matatizo mawili tofauti, japo wote wawili watakwambia "silali".

Ukishapata picha, badilisha kitu kimoja tu na ukipe usiku tatu. Anayeongeza chumvi, akaacha kahawa, akameza vidonge vya magnesiamu na kurudisha viazi vitamu siku hiyohiyo anaweza kulala vizuri, lakini hatajua kilichomlaza ni kipi, na tatizo likirudi ataanza upya.

Siku ya 2 hadi ya 5: kichwa, kizunguzungu, mwili umekatika

Hii ndiyo dalili ya watu wengi zaidi, na ndiyo inayotibika haraka zaidi.

Mwili hutunza akiba ya sukari iitwayo glaikojeni, takriban gramu 100 kwenye ini na gramu 400 kwenye misuli. Kila gramu ya akiba hiyo imeshikana na gramu 3 hivi za maji. Ukikata wanga, akiba inatumika na maji yake yanatoka kwa mkojo. Ndiyo maana mizani hushuka kilo 1 hadi 3 wiki ya kwanza, na sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji. Wakati huohuo insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye seli, inashuka, na ikishuka figo huachia sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, iende na mkojo. Ongeza hapo kwamba mkate, maandazi, chipsi na biskuti ulivyoviacha vilikuwa vinakuletea chumvi bila wewe kuihesabu. Matokeo yake ni kwamba damu inapungua ujazo: ukisimama ghafla macho yanaingia giza, kichwa kinauma, moyo unadunda kwa kazi ndogo.

Kosa linalofanywa hapa ni kunywa maji matupu kwa wingi. Mtu kasikia lita 4 kwa siku, anazinywa, na kichwa kinazidi kuuma, kwa sababu anaizimua sodiamu kidogo iliyobaki. Kunywa kwa kiu, ukiangalia mkojo uwe wa njano hafifu.

Kama nyumbani kuna mashine ya presha, jipime. Lala dakika 5, pima. Simama, pima tena ndani ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ukisikia kizunguzungu wakati huo, upungufu wa maji na chumvi ndio mtuhumiwa wa kwanza. Kisha fanya jaribio: kikombe cha supu ya mifupa, kuku au samaki, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, unywe taratibu. Nusu kijiko ni gramu 3 hivi za chumvi, zenye sodiamu ya miligramu 1,100 au zaidi kidogo. Kichwa kikipoa ndani ya saa moja, umeshapata jibu. Endelea na kikombe kimoja kila siku, asubuhi au mchana, kwa wiki ya kwanza na ya pili, kisha punguza. Nyongeza hii ni ya muda. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi ya mtu mzima ibaki chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kasoro ya kijiko kimoja cha chai, na hapo ndipo pa kurudi mwili ukitulia. Mwenye presha ya kupanda, ugonjwa wa moyo au figo asilifanye jaribio hili bila daktari wake.

Asiye na supu atumie ORS ya duka la dawa, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Wengi wanaikwepa kwa sababu ina sukari, lakini lita nzima iliyochanganywa kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani ina glukosi ya gramu 13.5, kwa hiyo glasi ya mililita 250 ina gramu tatu na nusu hivi. Haitakutoa kwenye keto. Soma pakiti ujue ni ya maji kiasi gani, maana zipo za lita moja na zipo za nusu lita.

Jambo moja linalosahaulika sana kwetu: uchovu wa kukata wanga hauleti homa. Joto likifika nyuzi 37.5 au zaidi, au ukitetemeka kwa baridi, viungo vikauma na jasho likafuata, usiseme ni lishe. Nenda ukapime malaria siku hiyohiyo. Dalili hizi mbili zinafanana mno siku za mwanzo, na malaria haisubiri wiki ya kuzoea.

Usingizi hauji: umelala saa 4, saa 7 usiku bado macho

Angalia kwanza kahawa. Aliyekuwa anakunywa chai ya maziwa yenye sukari sasa anakunywa kahawa nyeusi, tena vikombe vitatu au vinne, kwa sababu inakata njaa. Kikombe cha kahawa kina kafeini ya miligramu 95 hivi, karibu mara mbili ya chai. Mwili huchukua kama saa 5 kuondoa nusu yake. Kikombe cha saa 10 jioni bado kimebaki nusu saa 3 usiku. Kwa mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango muda huo unaweza kufika mara mbili. Kikombe cha mwisho kiwe kabla ya saa 6 mchana, na vinywaji vya kuongeza nguvu "visivyo na sukari" navyo vihesabiwe, kwani kopo la mililita 250 mara nyingi lina miligramu 80.

Cha pili ni mlo wa usiku. Nyama choma nusu kilo saa 3 usiku, kisha kitanda saa 4, ni kazi nzito kwa tumbo. Mafuta huchelewesha chakula kutoka tumboni, na protini hulazimisha mwili kutumia robo hivi ya nishati iliyomo kwenye protini hiyo kwa kuimeng'enya tu, kazi inayozalisha joto saa ambayo mwili unatakiwa kupoa ili ulale. Mwenye kiungulia au vidonda vya tumbo ataumia zaidi, hasa kama asubuhi anaanza na maji ya limao na kahawa kwenye tumbo tupu. Sogeza nyama nyingi mchana. Usiku kula mayai, samaki au maharage machache na mboga za majani, uwe umemaliza muda wa saa tatu kabla ya kulala.

Cha tatu ni kukosekana kwa wanga wenyewe. Wanga ukiliwa, insulini hupeleka vipande vingine vya protini kwenye misuli na kuiachia triptofani, kimoja cha vipande hivyo, njia ya kuingia kwenye ubongo, ambako hutengenezwa serotonini na kisha melatonini, homoni ya usingizi. Ukikata wanga ghafla, msaada huo unaondoka. Kwa hiyo usile wanga wako mdogo wa siku asubuhi. Uhamishie usiku. Kiazi kitamu kilichochemshwa cha gramu 150, kama ngumi ndogo, kina wanga wa gramu 25 hadi 30. Anayefuata gramu 50 anaweza kukila kwenye mlo wa jioni na bado akabaki ndani ya kipimo, mradi siku nzima kabla ya hapo amekula mboga na vyakula visivyo na wanga.

Unazinduka saa 8, 9 au 10 usiku, macho makavu

Hapa chakula ni kidogo mno, na watu wengi hawaamini mpaka waone hesabu. Chukua siku ya kawaida ya anayeanza: asubuhi kahawa nyeusi, mchana mayai 2 ya kuchemsha (kalori 140) na mchicha uliokaangwa kwa kijiko kimoja cha chakula cha mafuta (kalori 160 hivi), usiku kipande cha kuku cha gramu 120 (kalori 250) na kachumbari (kalori 30). Jumla haifiki kalori 600. Mtu mzima wa kawaida anahitaji mara tatu au zaidi ya hapo. Anadhani amekata wanga, kumbe amekata wanga na mafuta kwa mpigo, kwa sababu bado anayaogopa mafuta kama zamani.

Usiku wa manane, sukari ya damu inaposhuka na ini limeishiwa akiba, mwili humwaga adrenalini na kotisoli ili ini litengeneze sukari mpya. Homoni hizo ndizo zinazokuamsha. Moyo unaenda mbio, mawazo yanakimbia, pengine jasho kidogo, na wala hujisikii njaa. Ndiyo maana mtu hamhisi mwizi wake.

Ongeza chakula, na uongeze kwa kipimo. Kijiko cha chakula cha mafuta ni kalori 120. Nusu parachichi ni 160 hivi. Konzi ya karanga ya gramu 30 ni 170. Glasi ya mtindi wa maziwa yasiyotolewa mafuta ni 150. Lenga upungufu wa kalori 300 hadi 500 chini ya mahitaji yako, usizidi hapo. Kama umeunganisha keto na mfungo wa saa 16 au 18 tangu wiki ya kwanza, achana na mfungo kwanza. Mageuzi mawili makubwa kwa pamoja hayana sababu, na mfungo utaweza kuurudisha baadaye usingizi ukishakaa sawa.

Wanaobadilisha bia kwa pombe kali kwa sababu "haina wanga" wajue kwamba pombe humlaza mtu haraka na kumvunjia nusu ya pili ya usiku, tena huzuia ini kutengeneza sukari. Saa 9 usiku ndiyo saa yake.

Kama kilichokuamsha ni mkojo, mambo ni mepesi: wiki ya kwanza ni maji ya glaikojeni yanayotoka. Punguza vinywaji baada ya saa 12 jioni, supu yako iwe ya mchana. Mkojo wa usiku ukiendelea baada ya wiki ya pili na kiu ikiwa kali, pima sukari.

Na kama ni tumbo kusokota alfajiri, tazama zile chai za kusafisha tumbo zinazouzwa kwa wanaopunguza uzito. Nyingi zina senna, dawa ya kuharisha inayofanya kazi saa 6 hadi 12 baada ya kunywewa. Haiondoi mafuta ya mwili. Inaondoa maji na potasiamu. Iache.

Mguu unakaza, miguu haitulii

Shavu la mguu kukaza ghafla usiku hutokana mara nyingi na sodiamu ile ile iliyopotea, kwa hiyo anza na supu. Ikigoma, angalia magnesiamu na potasiamu, kwa chakula kwanza. Gramu 30 za mbegu za maboga zilizomenywa zina magnesiamu ya miligramu 150 hivi, wakati mahitaji ya siku ni 320 kwa mwanamke na 420 kwa mwanamume. Korosho kiasi hicho hicho zina 80. Parachichi na mchicha vina zote mbili, na kikombe cha mchicha uliopikwa kina potasiamu ya miligramu 800 hivi. Ukiamua vidonge vya magnesiamu, usizidishe miligramu 350 kwa siku, na chagua aina ya sitreti au glaisineti. Ile ya oksaidi hainyonywi vizuri na huharisha. Vidonge vya potasiamu usijinunulie. Yakizidi, madini haya yanasimamisha moyo.

Hisia ya kutaka kuchezesha miguu bila kukoma, hasa kwa mwanamke mwenye hedhi nzito, inaelekea kwenye upungufu wa chuma. Pima damu. Na kidole gumba cha mguu kikivimba na kuuma usiku kama kinaungua, hiyo ni gauti: asidi ya yuriki hupanda wiki za mwanzo za keto, na aliyewahi kuugua anaweza kushikwa tena.

Nguvu za mchana

Ketoni, nishati mbadala ambayo ini hutengeneza kutokana na mafuta, huanza kuonekana ndani ya siku 2 hadi 4, lakini misuli huchukua wiki kadhaa kujifunza kuzitumia pamoja na mafuta. Katika muda huo utembee, usikimbize milima. Mazoezi ya nguvu za ghafla yanategemea glaikojeni ambayo huna. Punguza kasi na uzito kwa wiki 2 au 3. Dereva wa lori, basi au bodaboda asianze lishe hii wiki ya safari ndefu. Aanze siku za mapumziko, maana kusinzia barabarani si dalili ya kuvumilia.

Wapo wanaopata kinyume: siku ya 5 au ya 6 wanaamka saa 10 alfajiri, wepesi, hawajachoka. Kama mchana husinzii na hasira haipandi, hakuna cha kurekebisha. Kama wepesi huo unakuja na mikono kutetemeka, moyo mbio na uzito kushuka kwa kasi hata baada ya wiki ya pili, pima tezi ya shingo.

Dawa na hali zinazohitaji daktari

Lishe ya keto ilianzishwa mwaka 1921 na daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa, na ilikuwa tiba ya kusimamiwa na daktari. Kwa anayetumia dawa, bado ni hivyo.

Anayechoma insulini au kumeza glibenclamide, gliclazide au glimepiride anaweza kushuka sukari usiku, kwa sababu dozi ilipangwa kwa mtu anayekula ugali. Dalili ni jasho linalolowesha shuka, ndoto mbaya, kuamka na kichwa kizito. Pima saa 9 usiku. Ikiwa chini ya 4.0 mmol/L, au 70 kwa mashine za mg/dL, koroga vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, subiri dakika 15, pima tena. Asubuhi mpigie daktari apunguze dozi. Usiiache insulini mwenyewe.

Dawa za kisukari ambazo majina yake yanaishia na -gliflozin, kama dapagliflozin na empagliflozin, zisichanganywe na keto. Damu inaweza kujaa asidi ya ketoni huku mashine ikionyesha sukari ya kawaida. Kutapika, tumbo kuuma, kupumua haraka na kwa kina, usingizi usio wa kawaida: hospitali, usiku huohuo, na umtajie daktari jina la dawa. Mama anayenyonyesha naye amewahi kupatwa na hali hii kwa kukata wanga sana, kwa hiyo asiifuate keto.

Dawa za presha, hasa za kukojosha, zinakuwa nyingi mno maji yanapotoka. Pima kila asubuhi wiki mbili za kwanza. Namba ya juu ikikaa chini ya 100 ukiwa na kizunguzungu, mwone daktari. Mwenye selimundu asiruhusu mwili ukauke, kwani ukavu huamsha maumivu.

Wiki ya 4 imepita, bado

Dalili za mwanzo hutakiwa ziwe zimekwisha. Uchovu ukibaki, pima wingi wa damu, sukari, homoni ya tezi, figo na madini ya damu. Baridi mwilini, nywele kudondoka na hedhi kukatika ni dalili za chakula kidogo kwa muda mrefu, na hakuna kidonge cha kuziba pengo hilo.

Vipimo vikiwa safi, ongeza wanga gramu 15 hadi 20 kila baada ya siku tatu, wote kwenye mlo wa jioni: viazi vitamu, ndizi za kuchemsha, mihogo, maharage. Simama pale usingizi unaporudi. Wengi huishia kati ya gramu 80 na 130, na kupungua uzito kunaendelea mradi chakula chote cha siku hakijazidi. Mizani itapanda kilo moja au zaidi siku mbili za mwanzo. Hayo ni maji yanayorudi na glaikojeni, usiyakate.